Mtu wa Mazoezi Hasumbuliwi

Ukitaka kuachwa kwa amani hapa Eldoret, usiseme unaumwa. Ukiumwa utaletewa uji, utaletewa wageni, na utaletewa shangazi anayemjua mtu aliyekufa kwa ugonjwa huo huo. Wala usiseme umechoka, maana hapa kila mtu amechoka na ng'ombe bado wanakamuliwa. Sema uko kwenye mazoezi. Watu watakupisha mlangoni na kukushikia kikapu.

Mimi neno hilo sikulitafuta. Nilipewa na mama mkwe wangu asubuhi moja ya baridi, nyuma ya zizi la ng'ombe, na nikalipokea kwa mikono miwili.

Kwanza nieleze nilikuwa nafanya nini nyuma ya zizi. Kabla sijaolewa nilifanya kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya ufuoni, pwani ya kusini. Mwenzangu wa ofisini, mwenyeji wa huko, ndiye aliyenifundisha kuteleza juu ya mawimbi. Mchezo wenyewe ni rahisi kuueleza. Unalala kifudifudi juu ya ubao mrefu, unapiga maji kwa mikono, wimbi likikufikia unaruka na kusimama, nalo linakubeba hadi ufuoni wewe ukiwa umesimama tu kama mtu anayesubiri chenji dukani. Kuueleza ndiko rahisi. Mimi nilimeza maji ya chumvi miezi mizima kabla sijasimama, na siku niliposimama nilipiga ukelele hadi wageni wa hoteli wakadhani nimeumwa na kitu.

Kisha nikaolewa Kapseret, pembeni mwa Eldoret, mahali ambapo maji mengi kuliko yote yako kwenye birika la ng'ombe. Ubao nilikuja nao juu ya paa la gari, na tangu siku ile kila mtu amekuwa na maoni yake. Fundi aliyetujengea jiko alidhani ni mlango na akauliza bawaba ziko wapi. Mzee jirani, ambaye shamba lake linakaribia uzio wa uwanja wa ndege, alinivuta kando akaninong'oneza, "Mama, kama hii kitu ilianguka kutoka kwa ndege, rudisha mapema kabla wakuje kutafuta." Mama mkwe naye msimu mmoja aliutumia kuanikia mahindi. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa bado bibi harusi.

Miaka ya kwanza, kila Agosti, mume wangu na mimi tulikuwa tukishuka baharini kwa juma moja. Yeye haogelei. Hukaa kivulini na gazeti akanitazama nikianguka, na nadhani hufurahia sehemu ya kuanguka zaidi. Walipozaliwa watoto safari zikaisha zenyewe. Msichana akaja, mvulana akafuata, na ubao ukawekwa ghalani nyuma ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Sasa msichana ametimiza miaka saba, na mwaka huu nilikuwa na shabaha moja tu: kumpeleka baharini nimsimamishe juu ya ubao ule kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemwahidi tangu akiwa hajui bahari ni nini, na yeye si mtoto wa kusahau ahadi.

Lakini ukikaa miaka saba bila kusimama juu ya wimbi, mwili unakukana. Ndiyo maana asubuhi ile nilikuwa nyuma ya zizi. Nilitandika godoro kuukuu kwenye nyasi zenye umande, nikaweka ubao juu yake, nikawa nalala kifudifudi na kuruka kusimama, nalala na kuruka, huku ng'ombe wetu watatu wakinitazama bila kuacha kutafuna.

"Unafanya nini?"

Mama mkwe alikuwa amesimama na ndoo ya kukamulia.

"Naruka, Mama."

"Naona. Unaruka ya nini?"

Nilikuwa nahema, jasho linanitoka, na pumzi ya kueleza mambo marefu sikuwa nayo. "Ya kwenda bahari, Mama. August."

Hapa lazima umjue mama mkwe wangu. Binti yake wa kwanza, yaani wifi yangu, alikimbia mbio katika nchi za ng'ambo na kushinda. Nyumba ya mawe tunayoishi ilijengwa na miguu ya wifi. Trekta la kijijini, miguu ya wifi. Kwa miaka mingi mama huyu alilea watoto wa wifi, wifi mwenyewe akiwa kambini, akamwamsha wakati wa likizo, akampimia chakula, akamfukuzia wageni. Kwa hiyo akimwona mtu mzima anatoka jasho kwa makusudi, bila jembe mkononi na bila kufukuzwa, kichwani mwake kuna jibu moja tu.

"Kumbe ni training," akasema. "Na ulikuwa unanificha."

Nilifungua mdomo nimrekebishe. Kweli nilifungua.

"Leo usikamue," akaongeza. "Nitakamua mimi."

Nikaufunga mdomo.

Miezi iliyofuata niliishi maisha ambayo mke wa Kapseret huyasikia tu. Nilipewa chai ya kwanza, kabla ya mwenye nyumba. Wageni wa Jumapili walipojaa sebuleni, sikuitwa kukaanga chapati. Nilisamehewa kamati ya mazishi ya mtu ambaye, nikiri, sikuwa nimewahi kumwona. Siku nilipopumzika kutoka kazini, mama mkwe alinikuta nimejinyoosha kitandani baada ya chakula cha mchana, na badala ya kuuliza kama nimezaliwa hospitali ya wazungu, akanifunika blanketi na kufunga dirisha taratibu. Wanariadha hulala mchana. Nilicheka ndani ya blanketi hadi machozi yakanitoka, halafu nikalala usingizi wa haki.

Mume wangu, anayefundisha katika maabara ya chuo huko Chepkoilel na anayejua vizuri kwamba kule baharini hakuna mashindano yoyote yanayonihusu, hakusema neno. Nilipomkazia macho alisema, "Mimi sijaongea chochote. Mimi nakula tu." Alikuwa anakula huku mabega yanamtikisika.

Jumapili moja mchungaji akaniita mbele. "Kuna dada yetu," alisema, "anaenda kukimbia ndani ya maji." Kanisa zima likashangilia. Niliwekewa mikono na wamama wa kamati, wenye mikono mizito, nikaombewa mapafu, magoti, na hasa nisiliwe na samaki. Mimi nimezaliwa magharibi mwa nchi, kwetu tunakimbia pale tu ng'ombe dume anapokata kamba, na hapo nilikuwa nimepiga magoti nikiombewa ushindi na watu wenye mabingwa katika kila boma. Baada ya hapo kumrekebisha mama mkwe kulikuwa kunahitaji kurekebisha kanisa pia.

Ila mazoezi ya watu hawa si mchezo, na mama mkwe, kocha wangu, hakuwa mtu wa kucheza naye. Alitoa filimbi kutoka sandukuni. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mahindi, filimbi ililia dirishani kwangu, na nikikawia ililia mara ya pili ndani ya chumba. Nikafukuzwa kwenye barabara ya murram, ya udongo mwekundu, na wanariadha wa kweli wakinipita kama upepo, wakinisalimia kwa heshima isiyonistahili. Chapati ikapigwa marufuku, soda ikapigwa marufuku, na nikawekwa kwenye ugali mweusi na mursik, yale maziwa yao ya kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Nilipolalamika kwamba ninachohitaji ni mabega, maana ubao huendeshwa kwa mikono, akafikiri, akanipa kazi ya kusukuma maji kwa mkono kisimani. Mabega yalipatikana.

Kisha akaleta sheria ambayo sikuiona ikija.

"Asibebe mtoto," alimwambia mume wangu mezani, nikiwa nimekaa pale pale. "Ataumiza mgongo."

Watoto humwita gogo, kama watoto wote wa huku wanavyomwita nyanya yao. Na gogo alipoamua kulinda mwanariadha wake, alimlinda kikamilifu. Akamsuka msichana wangu. Akakagua kazi yake ya shule, akaenda mikutano ya wazazi, akawalaza wote wawili chumbani kwake ili wasinikatize usingizi. Nikitoka kazini mjini nakuta wameoga, wamekula, wanatazama katuni kwa sauti ya chini. Kwa wiki kadhaa nilishukuru. Nisijifanye. Mama gani angelalamika?

Halafu likaja jambo la jino.

Ilikuwa Jumamosi, niko nyuma ya zizi na godoro langu. Nilisikia vigelegele upande wa jikoni nikadhani kuku amepatikana. Jioni, tunakula, msichana akacheka, nikaona pengo mbele.

"Jino liko wapi?"

"Lilitoka asubuhi," akasema. "Gogo alilitoa na uzi. Tukatupa juu ya mabati."

"Mbona hukuniita? Nilikuwa hapo tu!"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimesahau jambo linalojulikana na wote. "Mama, si ulikuwa training? Mtu wa training hasumbuliwi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama anavyosema barabara huvukwa ukitazama pande zote.

Usiku huo niliwafikiria watoto wa wifi. Ni watu wazima sasa, wazuri, wenye adabu. Humwita gogo "Mama", na mama yao humwita kwa jina lake. Wifi akija kutoka mjini hubisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga. Hakuna aliyemkosea, wala yeye hakumkosea mtu, alikuwa anatafuta chakula cha wote na alikipata. Lakini yeye alipata medali. Mimi nilikuwa natafuta nini? Nilikuwa nabadilisha mtoto wangu kwa blanketi la mchana na likizo ya kukaanga chapati. Niliogopa, na nilipoogopa nikakasirika, na nikikasirika mimi huwa napanga.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Agosti ifike, niwachukue watoto, niende nao baharini, huko hakuna filimbi. Nikautangaza mezani.

"Hakuna mtu huenda camp na watoto," mama mkwe akasema bila kuinua macho.

"Mama, ni likizo. Wataona bahari."

"Wataona ukishashinda. Sasa watakusumbua tu akili."

Tulivutana hadi chai ikapoa. Ndipo mume wangu akafuta mdomo na kusema kwa upole wa kishetani, "Lakini Mama, kocha si huenda na mtu wake? Twende sisi wote. Wewe utachunga watoto, yeye akimbie kwa maji."

Nilimpiga teke chini ya meza. Nilikosea, nikampiga mvulana, akalia, gogo akambeba. Safari ya wote ikawa imepitishwa.

Sasa, hapa kwetu mshindi akishuka kutoka kwenye ndege hupokewa na mursik. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, si ua wala si hotuba. Mzee au mama humnywesha kutoka kwenye kibuyu mbele ya watu. Mama mkwe aliona hakuna sababu ya kusubiri nirudi. Alitayarisha kibuyu chake bora, akakijaza, akakifunga kwa ngozi na kamba, akakipakata mapajani kutoka Kapseret. Gari letu ni dogo. Mbele mume wangu na mimi, nyuma gogo, watoto wawili na kibuyu, juu ubao umefungwa pamoja na godoro.

Kibuyu kile hakijawahi kujua joto. Kimelelewa kwenye baridi ya kwetu Uasin Gishu. Tulipolala Nairobi kilinyamaza, lakini tulipopita Mtito na dirisha likaanza kuingiza hewa ya moto, kikaanza kunung'unika.

"Kinaongea," mvulana akasema.

"Kinafurahi," gogo akajibu.

Karibu na Voi kilifurahi kupita kiasi. Mshindo ulilia, na maziwa yenye majivu yakaruka hadi kwenye paa, yakamwogesha dereva kisogoni, yakapamba nywele za msichana wangu zilizosukwa vizuri na kocha. Mume wangu aliyumba, akasimama kando ya barabara. Askari wa trafiki waliokuwa mbele kidogo wakatufikia wakakuta familia nzima yenye madoa, inanuka maziwa lala, na juu ya gari kuna kitu wasichokijua.

"Hiyo ni nini hapo juu?" askari akauliza.

"Huyu ni mwanariadha," mama mkwe akajibu, akinionyesha kwa kidole.

"Wa mbio gani?"

"Ya maji."

Askari alinitazama, akatazama kibuyu, akasikia lafudhi ya mama. Akaturuhusu tupite, akanitakia ushindi. Kwa watu wa Eldoret, hata Voi hawaulizi zaidi. Msichana na mimi tulicheka hadi Mariakani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu tunacheka jambo moja kwa wakati mmoja, na niliona kwamba alijizuia kwanza, akamtazama gogo, kama anayeuliza ruhusa.

Asubuhi ya kwanza mama mkwe alituamsha akiwa tayari amevaa tracksuit ya zamani ya wifi, na viatu vya raba. Tulipotoka kwenye minazi bahari ikajitokeza yote, akasimama. Alikuwa hajawahi kuiona. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mkulima anayepima shamba la mtu.

"Hii maji yote ni ya nani?"

"Ya serikali, Mama," mume wangu akasema.

"Na wameiacha tu hivi? Bila fence?"

Akaketi mchangani, mbali na povu, viatu bado mguuni, akawaweka watoto kila upande. Kisha kazi ikaanza.

"Start iko wapi?"

"Kule, Mama. Mahali wimbi inaanza kuvunjika."

"Na finish?"

"Hapa. Mahali wimbi inakuishia."

"Si kila mtu ataishia mahali yake?"

"Ndiyo, Mama."

Alinung'unika kitu kwa lugha yao kuhusu waandalizi. Nilichukua ubao nikakimbilia majini kabla hajauliza kuhusu refa.

Nilifurahi. Sina neno la kulipamba hilo. Maji yalinipokea, mabega ya kisimani yakapiga kazi, na wimbi la tatu lilinibeba nikiwa nimesimama, magoti yamekunjwa, upepo masikioni, miaka saba ya ghala imenitoka. Nilipiga ule ukelele wangu wa zamani. Niligeuka kutazama kama msichana wangu ameniona, nikaanguka kichwa mbele. Nikarudi, nikapanda jingine, na jingine. Kutoka ufuoni nilisikia filimbi ikipigwa kila nilipoanguka, na ilipigwa sana.

Nilipotoka, msichana alinijia mbio na taulo na chupa ya maji. Alinifunika mabega. Alifungua chupa. Alifanya kila kitu kwa utaratibu, kama msaidizi aliyefunzwa.

"Kunywa polepole," akasema. "Usiongee mpaka moyo itulie."

"Moyo imetulia. Twende, sasa ni zamu yako."

"Aa-a. Nitakuharibia training."

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu amesema. Najua tu."

"Kwani hutaki?"

Aliutazama ubao. Mtoto yule alikuwa anautaka hadi vidole vya miguu vilikuwa vinachimba mchanga. Kisha akatikisa kichwa na kunipa chupa tena.

"Ukimaliza kushinda," akasema. "Mimi nitangoja."

Niliumia. Niliumia palepale chini ya mbavu, na taulo mabegani, mbele ya watu. Watoto wa wifi nao walingoja hivyo hivyo, kwa adabu hiyo hiyo. Nilimwacha amesimama na chupa yake nikapanda mchanga moja kwa moja hadi kwa mama mkwe.

"Mama, hakuna race."

"Wameahirisha?"

"Haijakuwako. Hakuna number one hapa, hakuna medali, hakuna mtu anapima. Hawa watu wote unaona kwa maji wanacheza tu. Na mimi nacheza."

Alitoa filimbi mdomoni. "Unacheza."

"Nacheza, Mama. Nilikuwa nacheza tangu ile siku ya kwanza."

"Mimi naamka na hiyo baridi. Nakamua ng'ombe yako. Nalea watoto yako, nasuka nywele, naenda mikutano ya shule, kanisa mzima wanakuombea usikuliwe na samaki. Na wewe unacheza?"

"Ndiyo."

Mume wangu aligundua kaa mdogo karibu na mguu wake, akawa anamchunguza kwa bidii kubwa ya kisayansi. Mama mkwe alitia filimbi mfukoni. Nilidhani atalia, kisha nikadhani atanipiga kofi, na kofi ningelipokea kwa unafuu. Alisimama, akakung'uta mchanga kwenye tracksuit ya binti yake.

"Sikia. Mtu wa training nitamlelea watoto mpaka wazeeke. Mtu wa kucheza," akasema, na akanisukumia mvulana kifuani, "acheze na watoto wake."

Akatwaa taulo langu kutoka mabegani mwangu, akalitandika chini ya mnazi, akajilaza na kufunika uso. Kutoka chini ya mkono wake akatangaza kwamba tukirudi ng'ombe ni wangu, asubuhi na jioni, na chapati za wageni ni zangu, na kanisa nitaliambia mwenyewe, nikiwa nimesimama mbele, na kipaza sauti.

Sikujua kama nimeadhibiwa au nimelipwa. Nilimkabidhi mume wangu mvulana pamoja na kaa, nikageuka. Msichana alikuwa nyuma yangu. Alikuwa amesikia yote.

"Kwa hivyo hauko training?"

"Siko."

"Hata kesho?"

"Hata kesho."

"Na tukirudi nyumbani?"

"Hata nyumbani. Ukitaka kunisumbua, unisumbue."

Alifikiri, ulimi ukicheza kwenye pengo la jino. Aliweka chupa chini kwa uangalifu, akaisimamisha mchangani isianguke.

"Basi leta hiyo ubao."

Tuliingia hadi maji yakanifika kiunoni, mahali ambapo mawimbi huwa yamekwisha kuvunjika na kubaki povu. Nikamlaza juu ya ubao, nikashika mkia. Povu la kwanza lilipokuja nikamsukuma, nikamwachilia. Alipiga magoti, akainua mguu mmoja, akapotea. Nilimvuta kutoka chini ya maji anakohoa, maziwa ya Voi bado yamemganda kwenye nywele, na kabla hajapata pumzi alinipiga ngumi begani, ngumi ya nguvu zote.

"Mbona umeniachilia?"

"Lazima nikuachilie ndio usimame."

"Usiniachilie mpaka niseme!"

"Sawa."

"Mpaka niseme, Mama!"

"Nimesikia. Mpaka useme."

Alipanda tena peke yake, akalala kifudifudi, akashika kingo za ubao kwa mikono miwili. Mimi nikashika mkia. Maji yalikuwa yanapanda sasa, na kule mbele mawimbi yalianza kujipanga marefu na safi, yale ambayo mtu husafiri nchi nzima kuyafuata. Moja likaja likatuinua kidogo, likapita. Nikamtazama. Alikuwa anatazama mbele, hasemi kitu. Likaja la pili, zuri kuliko la kwanza, na mikono yangu ikaniwasha. Likapita. Likaja jingine. Nilishika ule mkia na kungoja aseme, na yeye, miguu yake miembamba imegusa mikono yangu, hakusema.